Mfuko wa Mwarobaini Tuliopeleka Subukia

 Juma hili tunaomba ruhusa yenu tutoke kidogo pwani, tupande bara hadi Subukia, bonde lililoko kati ya mji wa Nakuru na mji wa Nyahururu. Tulikutwa na jambo huko ambalo, kwa maoni yetu, linaihusu kila nyumba inayonunua samaki na kila nyumba yenye mti wa mwarobaini uani.

Mpwa wetu, binti wa dada yetu, ameolewa Subukia, na huu ni mwaka wa tisa. Mumewe ni mfanyabiashara mdogo wa nafaka, na nyuma ya nyumba yao wana bwawa la samaki lenye ukubwa wa mita za mraba 300. Kipimo hicho hakikuja kwa kubahatisha. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuinua uchumi, na sehemu moja ya mpango huo ilikuwa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo miongoni mwa majimbo 140 ya uchaguzi, kila bwawa likiwa la mita za mraba 300. Jumla yake ni mabwawa 28,000. Mengi yamekauka, na mengine sasa ni mashamba ya nduma. Walakini yapo yaliyosalia na maji, na watu waliokuja baadaye wakaiga kipimo kile kile. Bwawa la mpwa wetu ni moja la namna hiyo, nalo lina samaki aina ya tilapia, ambao wengi nchini huwaita ngege.

Mwezi wa Julai, kipupwe kikiwa kimeshika, alitupigia simu baada ya sala ya alfajiri. Alitoa salamu, akatuamkia kama alivyolelewa, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia: "Mjomba, samaki wangu wanaelea. Jana watano, leo kumi na mmoja. Wana kitu cheupe mgongoni kama pamba." Samaki hao walikuwa na kazi yao. Nusu ya fedha zao ilikuwa karo ya bweni ya bintiye mkubwa, na nusu ilikuwa deni la chakula cha samaki alichokwisha kukopa dukani. Akatuomba, kwa kuwa tulikuwa tukienda Nakuru kuhudhuria ndoa, tumchukulie majani ya mwarobaini kutoka pwani, maana huko kwenye baridi mti huo haustawi.

Ombi hilo lilikuwa zao la maneno yetu wenyewe. Miaka iliyopita, katika darasa la akina mama, tulizungumza kwa kirefu juu ya mwarobaini, mti unaotibu magonjwa arobaini kama jina lake linavyodai, na tukasema, bila kupima ulimi, kwamba dawa ya mti ina manufaa na haina madhara. Mpwa wetu alikuwa amekaa safu ya pili. Aliyahifadhi maneno hayo kuliko tulivyoyahifadhi sisi. Basi tukajaza mfuko, tukaukaza kamba, tukasafiri nao.

Aliyezaliwa Mvita au Lamu hudhani kwamba palipo na Ikweta pana joto. Barabara ya kutoka Nakuru kwenda Nyahururu inapita juu ya mstari wenyewe wa Ikweta karibu na Subukia, na hapo tulishuka garini tukiwa tumejifunga shuka mbili. Ni mahali pa juu, chini ya ukingo wa Laikipia, pana rutuba, pana ng'ombe wa maziwa na migomba na mahindi, na asubuhi ukungu hulala juu ya mabwawa mpaka jua lipande. Tunalitaja hili la baridi kwa sababu ndilo lililokuwa kiini cha msiba, ijapokuwa siku ile hatukulijua.

Usiku huo tulichemsha majani. Tulitaka kuyamwaga maji yake yote bwawani kabla ya kulala. Mume wa mpwa wetu, mtu wa maneno machache, akasema, "Sheikh, kwa heshima yako, tujaribu kwanza kwenye ndoo." Akaleta ndoo mbili. Moja akaitia maji ya bwawa matupu, ya pili maji ya bwawa yaliyochanganywa na maji ya mwarobaini, na katika kila moja akatia samaki wadogo kumi walioonekana wazima. Tukaenda kulala. Kulipopambazuka, katika ndoo ya maji matupu alikuwa amekufa mmoja. Katika ndoo ya mwarobaini walikuwa wamekufa saba, na watatu waliobaki walikuwa wamelala ubavu.

Tulinyamaza. Mpwa wetu, kwa adabu yake, akaenda jikoni kutengeneza chai.

Laiti tungeyakumbuka tuliyoyasoma na tuliyoyaona tangu utotoni, tusingehitaji kuua samaki saba. Ni mvuvi gani wa pwani asiyeujua utupa? Ni mmea wa majani ya kawaida, una maua mazuri, na ukitwangwa na kutiwa katika kidimbwi, samaki hulewa na kuelea. Ndani yake mna sumu iitwayo rotenoni, inayowazuia samaki kuitumia hewa waliyoivuta. Kuvua kwa sumu ni haramu kwa sheria ya nchi, na kwa haki, kwani humuua mkubwa na mdogo pamoja. Hata matabibu wa Kiislamu wa zamani waliandika juu ya mimea waliyoipa jina la *samm al-samak*, yaani sumu ya samaki. Kwa hiyo elimu kwamba mti unaweza kumuua samaki ni elimu kongwe kwetu. Mwarobaini nao una kitu kiitwacho azadiraktini ndani yake, ndicho kinachowafukuza na kuwaua wadudu, na imethibiti kwamba maji yake yakiwa makali huwadhuru samaki, hasa vifaranga. Uchache wake una manufaa na wingi wake ni sumu, na sisi hatukuwa na mizani ya kuutenga uchache na wingi.

Aidha, kwa wale ndugu wa bara wanaopanda utupa shambani kurutubisha udongo au kufukuza fuko, neno moja: usiupande upande wa juu wa bwawa, mvua ikaja kuyateremsha majani yake.

Je, maana yake ni kwamba dawa za miti hazina nafasi kwa samaki? Hasha. Zina nafasi, na nafasi hiyo imechunguzwa na wataalamu kwa miaka mingi. Tumejitahidi kuyasoma yaliyoandikwa, na tutayaeleza kwa ufupi yale yanayoweza kufaa nyumbani.

Maradhi makubwa ya tilapia na kambare wa mabwawani huletwa aghalabu na bakteria. Mashuhuri wao ni Aeromonas, anayeleta vidonda vyekundu, tumbo kuvimba na mapezi kuoza. Yupo pia Streptococcus, anayewafanya samaki wazunguke kama waliorukwa na akili na macho yao yatoke nje. Kisha ipo kuvu iitwayo Saprolegnia, nayo ndiyo hii inayoota kama pamba. Kitunguu saumu kimejaribiwa sana katika jambo hili. Kitunguu kikiwa kizima hakina nguvu hiyo wala harufu hiyo. Kinapopondwa, vitu viwili vilivyokuwa vimetengwa ndani ya chembe zake hukutana, na hapo huzaliwa alisini, nayo huwashambulia bakteria na kuvu. Alisini haidumu na haipendi moto. Mwenye kukikaanga kitunguu kwanza amebakiwa na kiungo cha mchuzi, dawa imekwenda. Nchini Misri, ambako tilapia hufugwa kwa wingi, watafiti walichapisha mwaka 2006 matokeo ya kuwalisha samaki hao chakula chenye kitunguu saumu, na kipimo walichokisifu ni gramu 30 kwa kila kilo ya chakula. Thailand, mwaka 2008, walitumia unga wa majani makavu ya mpera dhidi ya Aeromonas, na vifo vikapungua sana. Majani ya rosemari, ambayo ndugu zetu wa Nakuru huyapanda mbele ya nyumba kwa ajili ya harufu, yamejaribiwa kwa tilapia wenye Streptococcus. Manjano, tangawizi, mshubiri na mlonge, yote yamepita katika mikono ya watafiti, na mengi yameonyesha kwamba samaki aliyelishwa hayo kwa kipimo huwa na kinga bora zaidi.

Na habasoda je? Tunajua swali hili linasubiriwa. Imepokewa katika Sahihi mbili kwamba Mtume (s.a.w.) aliisifu habasoda kuwa ni ponyo ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Nasi tunaamini. Lakini wanavyuoni walioisherehesha Hadithi hiyo hawakuielewa kama wauzaji wa chupa za mafuta wanavyoieleza leo. Al-Khattabi, katika maulamaa wa mwanzo, alisema kwamba tamko ni la ujumla na muradi wake ni mahususi, yaani maradhi ambayo tabia ya punje hiyo inayakabili. Kwa samaki, punje hiyo imejaribiwa katika chakula na imeonekana kuipa nguvu kinga ya mwili. Hakuna aliyesema kwamba inafufua bwawa lililooza.

Sasa tufanye hesabu, kwani hapa ndipo watu wengi huanguka, na sisi tulikuwa wa kwanza. Bwawa la mita za mraba 300 lenye kina cha mita moja lina lita 300,000 za maji. Ukitaka kila lita ipate gramu moja tu ya majani, wahitaji kilo 300 za majani. Mfuko wetu, kwa ukarimu, ulikuwa na kilo nne. Tungeumwaga wote, ama usingefanya lolote kwa kuwa umezama katika bahari ya maji, ama ungewaumiza samaki waliokuwa karibu na pembe tuliyomwaga. Kwa hiyo mlango wa dawa ya mti ni kinywa cha samaki, kupitia chakula. Chukulia samaki 600 wenye uzito wa gramu 100 kila mmoja, jumla kilo 60. Wakila asilimia tatu ya uzito wao, chakula chao cha siku ni kilo moja na gramu 800. Kwa kipimo cha Misri, wanahitaji gramu 54 za kitunguu saumu, yaani kichwa kimoja au viwili tu. Hiyo ni bei ambayo mama wa nyumba anaimudu.

Ila mlango huo nao una kufuli lake. Samaki mgonjwa hali. Yule uliyemkusudia kwa dawa amekwisha kukitema chakula kabla hujaijua hali yake, na wanaokila ni wazima. Ndiyo maana katika majaribio mengi samaki hulishwa mmea huo kwa majuma kabla ya kuambukizwa ugonjwa. Kitunguu saumu na majani ya mpera ni chakula cha kinga, hutangulia maradhi. Atakayekumbuka kitunguu siku ya kumi na moja, samaki wakiwa wameelea, amechelewa, na huo ndio ukweli tuliolazimika kumwambia mpwa wetu asubuhi ile, baada ya chai.

Alikuwa na swali la pili. Kijana mmoja wa dukani alikuwa amemshauri anunue vidonge vya binadamu, ampisilini au amoksisilini, avifungue na kuvimwaga bwawani. Alikuwa amekwisha kununua pakiti mbili. Tulimsihi asifanye, kwa sababu tatu, nazo tunaziandika hapa kwa kuwa tunaamini si yeye peke yake aliyepewa ushauri huo. Kwanza, kuvu si bakteria, na dawa za bakteria haziigusi. Pili, hata ugonjwa ungekuwa wa Aeromonas, bakteria huyo kwa maumbile yake huivunja ampisilini, haimdhuru. Tatu, dawa ikimwagwa katika lita 300,000 hubaki hafifu, na bakteria wengine waliomo humo huizoea wasife, kisha usugu huo huweza kuhamia kwa bakteria wanaowapata watu. Siku mtoto atakapougua, dawa ile ile itakuwa haina kazi. Shirika la Afya Duniani limekuwa likiionya dunia juu ya usugu huu kwa miaka mingi, na bwawa la nyuma ya nyumba ni moja kati ya milango yake.

Zipo pia dawa zilizokatazwa kabisa kwa samaki wa kuliwa katika nchi nyingi. Rangi ya kijani iitwayo malakaiti, ambayo zamani ilikuwa maarufu kwa kuua kuvu, imepigwa marufuku Ulaya na Marekani kwa sababu ya hofu ya saratani. Kloramfenikoli imekatazwa kwa sababu huweza kuharibu uboho unaotengeneza damu ya mwanadamu. Mwenye kuuziwa dawa ya samaki isiyo na jina kwenye chupa asiitie bwawani.

Hapa fiqhi yetu ina neno ambalo, kwa hakika, lilitupa faraja. Wanafunzi wa madrasa wanaijua mas'ala ya *jallala*, mnyama aliyezoea kula uchafu. Mtume (s.a.w.) alikataza nyama yake na maziwa yake. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli aliyoichagua Imamu Nawawi ni karaha, na karaha hiyo huondoka mnyama akifungiwa na kulishwa kilicho safi mpaka athari ya uchafu iondoke katika nyama yake. Imepokewa kwamba Ibn Umar (r.a.) alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu. Tazama basi hekima: nyama huchukua alichokula mnyama, na huhitaji muda wa kusafika. Wataalamu wa leo wana kanuni inayofanana nayo, nao huuita muda wa kusubiri. Samaki aliyetibiwa kwa dawa haramu kuuzwa, kwa sheria zao, mpaka siku kadhaa zipite. Ulaya, kabla ya kanuni zao kubadilika mwaka 2022, walikuwa na hata hesabu ya joto: kwa dawa iliyotumiwa nje ya maelekezo ya kibali chake, joto la maji likizidishwa kwa idadi ya siku lisipungue 500. Katika maji ya nyuzi 25 hizo ni siku 20. Katika maji ya nyuzi 18, ya Subukia mwezi wa Julai, ni karibu siku 28, kwa kuwa mwili wa samaki katika baridi hufanya kazi polepole. Wanaorutubisha mabwawa yao kwa mbolea ya kuku, nao ni wengi, waihesabu mas'ala ya *jallala* kuwa yao pia: ikiwa harufu au ladha ya samaki imebadilika, wahamishieni maji safi na chakula safi kabla ya kuvua.

Siku ya pili alikuja afisa wa uvuvi, kijana mpole, mwenye kipimajoto na daftari. Hakuuliza habari za dawa. Aliuliza maswali matatu tu: samaki walikokotwa lini kwa wavu, maji huingia kutoka wapi, na chakula hutolewa kiasi gani. Kumbe juma moja kabla ya msiba walikuwa wamewavua wote ili kuwatenga wakubwa na wadogo, wakawaweka katika mabeseni, wakawashika kwa mikono mikavu. Ute unaomfunika samaki ulikuwa umechubuka. Kipimajoto kikasema nyuzi 17 alfajiri. Tilapia hustawi kati ya nyuzi 25 na 30. Chini ya 20 hula kidogo, na karibu na 16 huacha kula kabisa na kinga yake hulala. Kuvu ile inaishi majini siku zote, inangoja ngozi iliyochubuka na mwili uliopoa. Naye mpwa wetu, kwa huruma, alikuwa ameendelea kuwatupia chakula kile kile cha miezi ya joto. Kilichobaki kilioza chini, kikala hewa ya maji. Ndiyo sababu alfajiri walionekana wakihema juu. Wengine kati ya waliohema hawakuwa na ugonjwa wowote, walikosa pumzi tu.

Dawa ya afisa ilikuwa ya kutuaibisha kwa wepesi wake. Toeni waliokufa kila asubuhi na kuwafukia mbali. Punguzeni chakula hadi theluthi, na asubuhi ya baridi kali msitoe. Ingizeni maji mapya taratibu. Na wale wenye pamba wanaokamatika, waogesheni katika maji ya chumvi, gramu 10 kwa lita, kwa muda wa dakika kumi, mtu akiwa amesimama hapo akiwaangalia, na anayeanza kulala ubavu arudishwe mara moja. Chumvi! Sisi tuliotoka pwani, ambako mashamba ya chumvi ya Gongoni yanaonekana ukiwa barabarani, tulibeba kilo nne za majani na hatukubeba hata punje moja ya chumvi.

Alipoulizwa kuhusu kitunguu saumu, alisema ni jambo jema, lakini lianze baridi ikiondoka na samaki wakirudi kula, na litangulie wakati mwingine kabla ya Juni. Tulipenda jibu lake. Halikuwa la kudharau miti wala la kuiabudu.

Mpwa wetu alituuliza jambo jingine faraghani. Je, wale waliokufa, anaweza kuwakaanga au kuwauza, maana samaki aliyekufa ni halali? Ni kweli kwamba maiti ya samaki ni halali kwa nassi, na Mashafii hawamtofautishi aliyeelea na aliyevuliwa, ingawa wenzetu Mahanafi, ambao wako wengi katika miji ya bara, humchukia aliyeelea mwenyewe. Lakini uhalali wa asili huzuiwa na madhara. Samaki aliyekufa kwa ugonjwa, akalala majini usiku kucha, hajulikani ameanza kuoza saa ngapi, na kumuuza kwa mtu asiyejua ni ghushi. Tulimwambia amzike. Alizika samaki sitini na watatu kwa juma lile, na alihesabu mmoja mmoja.

Akina mama mnaopara samaki nyumbani, lipo jambo linalowahusu ninyi moja kwa moja. Katika mji wa Toronto nchini Kanada, majira ya baridi ya mwaka 1995 kuingia 1996, watu kadhaa waliugua mikono ikavimba kwa homa. Wengi wao walikuwa wametoka kupara samaki wabichi, hasa tilapia wa kufugwa, wakajichoma kwa miba au wakawa na mchubuko. Bakteria aliyewaingia alikuwa Streptococcus iniae, yule yule wa samaki. Mwenye kidonda mkononi, au mgonjwa wa sukari, avae glavu au amwachie mwingine kazi hiyo. Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji mengi, na mkono ukianza kuwa mwekundu nenda hospitali, na umweleze daktari kwamba ulikuwa ukipara samaki. Samaki aliyepikwa akaiva hana hatari hiyo.

Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba mwenye kujifanya tabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini wa atakachokiharibu. Hadithi hii imo katika Sunan za Abu Daud, Nasai na Ibn Majah. Tumeisomesha mara nyingi, na kila tulipoisomesha tulikuwa tukiwafikiria waganga wa mabarazani. Kule Subukia tulilipa samaki saba kwa bei ya soko. Mume wa mpwa wetu alikataa fedha, tukazitia mkononi mwa mtoto. Na wale walioketi katika darasa lile la miaka iliyopita, ikiwa mnatusoma, tunaliondoa neno letu kwamba dawa ya mti haina madhara. Mwanamke mjamzito asinywe mwarobaini, na mtoto mchanga asipewe mafuta yake kwa hali yoyote.

Mwezi wa Novemba mpwa wetu alitupigia simu tena. Vifo vilikuwa vimekoma majuma matatu baada ya sisi kuondoka. Deni la chakula cha samaki amelilipa, karo amelipa nusu na shule imemvumilia mpaka Januari. Tangu Septemba anaponda kitunguu saumu asubuhi, anakiacha dakika kumi kipevuke, anakichanganya na mafuta kidogo na kukipaka juu ya chakula, anakianika kivulini kabla ya kuwatupia. Amepanda mpera mmoja pembeni mwa ukuta wenye jua, na anasema umeshika. Pakiti mbili za vidonge alizirudisha kwa duka la dawa.

Tukamuuliza habari za mfuko wetu wa mwarobaini. Akacheka. Mumewe ameyakausha majani yaliyobaki na kuyatandaza kati ya magunia ya mahindi, na fukusi, alhamdulillahi, hawajaingia.